Tathmini ya huduma ya kuwasindikiza wanafunzi wapya wa jiolojia na kemia, Lubumbashi

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, wazazi na walimu wenzangu huniuliza kama huduma ya kuwasindikiza wanafunzi wapya, inayotolewa na idara moja ya sayansi katika chuo kikuu hapa Lubumbashi, inafaa kweli au ni tangazo la kuwafurahisha wafadhili. Mimi nafundisha kemia katika shule ya sekondari ya komini ya Kampemba, na baadhi ya wasichana na wavulana niliowafundisha wamepitia huduma hiyo. Nimekaa nao katika kazi zao za vitendo, nimezungumza kwa kirefu na maasistanti, yaani walimu wasaidizi, wanaoiendesha, na nimesoma kanuni zilizobandikwa kwenye ukuta wa maabara. Jibu langu ni kwamba inafaa, tena sana, kwa sababu imegusa mambo ambayo hotuba za usawa haziyafikii: nani anashika chombo, nani anaelewa maelezo, nani anaweza kufika saa ya kazi, na nani anasahihisha karatasi ya nani. Ina mapungufu mawili mazito, ambayo ni ziara za machimboni na njia ya kupeleka malalamiko, nami nitayaeleza kwa uwazi uleule.

Huduma iko wazi kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiolojia na wa kemia, bila malipo yoyote juu ya minervali, yaani ada ya chuo. Inahusu kazi za vitendo, masomo ya kurudia, kuazimisha vifaa, na ushauri kwa wanafunzi ambao chuo hakikuzoea kuwapokea: wasichana, wenye ulemavu, waliotoka shule za vijijini zisizo na maabara, na waliokuja kutoka majimbo mengine bila ndugu mjini. Hakuna anayeulizwa cheti cha umaskini ili aingie. Naona huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu mahali pengine nimeona wanafunzi wakiacha msaada waliouhitaji kwa kuogopa kupangwa mstari mmoja ulioandikwa jina la unyonge wao.

Sehemu iliyonishawishi zaidi ni ile ya kazi za vitendo. Katika somo la kupima asidi kwa besi, hali ya kawaida katika vyuo vyetu vingi ni wanafunzi ishirini na zaidi kuizunguka meza moja yenye bureti moja, ule mrija wa kioo wenye vipimo na bomba. Wanaofika mbele ni wale waliosoma shule za mjini zenye maabara, mara nyingi wavulana, ambao hufungua bomba, husoma kipimo na kutangaza jibu. Wasichana huombwa waandike ripoti kwa sababu hati yao ni nzuri. Kijana aliyetoka Mitwaba au Pweto, ambaye bureti aliiona tu ikichorwa kwa chaki, hubaki nyuma akinakili namba. Mwisho wa mwaka wote hupata krediti ileile ya mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ambao nchi yetu ilianza kuueneza katika vyuo mwaka wa masomo 2021-2022, na kwenye karatasi wote wanahesabiwa kuwa na ujuzi mmoja, ilhali nusu yao hawakuwahi kugusa bomba.

Katika huduma hii vikundi ni vya watu wanne, na kila mmoja ana kazi iliyoandikwa kwenye kadi: wa kwanza anafungua bomba, wa pili anasoma kipimo, wa tatu anaandika, wa nne anakagua hesabu. Katika kazi inayofuata kadi zinazunguka, na alama ya mwanafunzi haiingizwi kwenye daftari la idara mpaka awe ameshika kazi zote nne na asistanti ameweka sahihi. Nilimtazama msichana niliyemfundisha mwenyewe, mwenye akili sana na mwoga wa vyombo vya kioo, siku ilipofika zamu yake ya bomba. Mkono wake ulitetemeka, matone yakapita kiasi, na mchanganyiko uliokuwa na fenoltaleini, dawa inayobadili rangi asidi inapokwisha, ukawa mwekundu badala ya ile rangi hafifu ya waridi inayotafutwa. Mvulana wa kikundi chake akanyoosha mkono ili amsaidie, lakini asistanti alimzuia kwa upole, akamwambia msichana amwage, asuuze chupa na aanze upya. Mara ya tatu alifunga bomba tone moja tu baada ya rangi kutokea. Hakuna aliyempigia makofi. Waliandika kipimo wakaendelea na kazi, na kwangu huo ndio usawa ninaoutaka katika maabara.

Vikundi vyenyewe hupangwa kwa kura. Msomaji wa mbali anaweza kuona jambo hilo ni dogo, lakini mtu wa Lubumbashi analijua vizuri. Mji huu unakumbuka usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walipouawa katika kampasi, wakati ambapo asili ya mtu ilikuwa imegeuzwa kuwa tuhuma. Unakumbuka pia miaka ya 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga, zikasongamana kwenye vituo vya garimoshi zikingoja kuondoka. Wanafunzi wa leo walizaliwa baada ya hapo, lakini ukiwaacha wachague wenyewe, hukaa kwa lugha, kwa jimbo, kwa kanisa na kwa shule walizotoka, kisha habari za mitihani, vitabu na nafasi za mafunzo ya kazi hupita ndani ya kikundi kimoja bila kufika kwa kingine. Kura inavunja kuta hizo bila kumlazimisha mtu atangaze asili yake, na maasistanti waliniambia kwamba baadhi ya vikundi huendelea kusoma pamoja hata muhula unapokwisha.

Kuhusu lugha, masomo hutolewa kwa Kifaransa, na mtihani pia. Huduma imeruhusu maelezo ya maabara yafanyike kwa Kiswahili, mradi ripoti iandikwe kwa Kifaransa. Mwanafunzi akikwama katikati ya swali, asistanti humwambia, “Sema kwanza vile unavyoielewa, halafu tutaiandika pamoja.” Maswali yameongezeka sana, na ni maswali mazuri, ya watu waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa kuchekwa kwa sarufi. Lakini lipo la kusahihisha. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, na katika maabara hii wamo wanafunzi waliotoka Mbuji-Mayi na Kinshasa ambao Kiswahili chao bado ni cha sokoni. Niliona kikundi kimoja kikiteleza kabisa katika Kiswahili cha Lubumbashi, cha haraka na chenye mafumbo yake, huku kijana aliyekulia katika Kiluba cha Kasai akiangalia mikono yao ili akisie wanachofanya. Napenda lugha yetu na ninaitetea popote, lakini haipaswi kumfungia mwingine mlango uleule tuliofungiwa sisi. Maasistanti wana kanuni ya kurudia kila hatua kwa Kifaransa; waifuate hata wanapochoka.

Sasa nizungumzie kisanduku cha mawe, ambacho ningependa kila shule yenye somo la jiolojia ikinakili. Ni sanduku la mbao lenye vyumba vidogo, na katika kila chumba kuna jiwe lenye kibandiko cha herufi kubwa na kingine cha breli. Kiliandaliwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja asiyeona vizuri, ambaye kabla ya hapo aliambiwa na watu wengi, pamoja na mkuu wa shule aliyosoma, kwamba jiolojia ni elimu ya macho na ni afadhali asome sheria. Ndani yake mna talki inayokwaruzika kwa ukucha, kalisaiti, kwatzi inayokwaruza kioo, heterojeniti nyeusi inayobeba kobalti yetu, na kipande kidogo cha kornetaiti, madini ya buluu ambayo kwa mara ya kwanza yalielezwa kutoka mgodi wa Étoile, hapa hapa mjini.

Jaribio lililonivutia ni la mawe mawili ya kijani, malakiti na krisokola. Wanafunzi wenye macho mazuri huyachanganya mara kwa mara, kwa sababu katika machimbo yetu hukaa pamoja na rangi zao hukaribiana. Mwanafunzi huyu alichukua kila jiwe katika kiganja kimoja, akayapima kwa uzito; malakiti ni nzito, karibu mara nne ya uzito wa maji ya ujazo uleule, na krisokola ni nyepesi zaidi. Kisha akaomba tone la asidi hafifu juu ya kila moja, akainamisha sikio. Malakiti ni kabonati, kwa hiyo hutoa vijipovu vyenye mlio mwembamba. Krisokola hukaa kimya. Akataja majina yote mawili bila kusita, huku wenzake wawili wakibishana bado juu ya rangi. Tangu hapo asistanti amewaagiza wote waanze kwa mikono kabla ya macho, na yeye mwenyewe anasema kazi za promosheni nzima, yaani wanafunzi wote wa mwaka huo, zimekuwa makini zaidi. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu inaitaka nchi nzima iende upande huo. Sanduku la mbao na chupa ya asidi vinaonyesha kwamba hatua nyingine hazihitaji fedha nyingi.

Ngazi, kwa upande mwingine, zinahitaji fedha, na hapo idara imekwama. Maabara ya kemia iko ghorofani, hakuna njia ya mteremko, na mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hubebwa na wenzake kupanda na kushuka. Wenzake hufanya hivyo kwa moyo, nami nawashukuru, lakini yeye hawezi kuchelewa, hawezi kutoka kwenda msalani kwa faragha, na hawezi kurudi peke yake jioni kumalizia kazi kama wengine. Vyumba vya chini vimejaa makabati ya zamani. Kuhamishia meza mbili za kemia huko ni kazi ya siku chache, na sielewi kwa nini haijafanyika.

Vifaa huazimishwa vizuri. Koti jeupe, miwani ya kinga na kikokotoo hutolewa kwa kuacha kadi ya mwanafunzi, na silabusi, yaani maandishi ya somo yanayouzwa na maprofesa, za masomo yote ya mwaka wa kwanza zinapatikana katika chumba cha kusomea kwa yeyote asiyeweza kuzinunua. Hilo la silabusi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wazazi wa komini za Katuba na Kenya, hapa mjini, wanajua ni mara ngapi mtoto wao amerudi nyumbani akisema asiponunua ile ya profesa hatahesabiwa kuwa amehudhuria, na katika idara hii jambo hilo limekatazwa kwa maandishi.

Ratiba pia imefikiriwa. Kazi za vitendo zilizokuwa zikianza saa kumi jioni zimesogezwa asubuhi na saa sita mchana, ili anayekaa Ruashi afike nyumbani kabla ya giza, hasa siku ambazo umeme umekatika na barabara nzima ni nyeusi. Wasichana wengi walikuwa wakiondoka kabla ya kazi kwisha, kisha wakaitwa wavivu. Kwa wanafunzi Waadventista, ambao hawafanyi kazi siku ya Jumamosi, kuna zamu ya Jumatano. Na Waislamu hawapangiwi kazi wakati wa sala ya Ijumaa. Hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya imani yake na krediti zake, na ratiba haikuvurugika hata kidogo.

Kuhusu mitihani, mzazi wa msichana atanielewa bila maelezo marefu. Kila mtu katika nchi hii amesikia habari za alama zinazolipwa kwa ngono, na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inauhesabu unyanyasaji huo wa kingono kuwa kosa la jinai. Idara imechukua hatua mbili. Karatasi za mtihani wa kuandika sasa zina namba badala ya majina, na orodha ya namba hukaa kwa katibu mpaka alama zimekwisha kuandikwa. Pia, mashauriano yote na wanafunzi hufanyika katika ukumbi wenye vioo ulio karibu na maktaba, ambapo watu hupita. Hakuna tena kuitwa ofisini peke yako baada ya saa za kazi. Wanafunzi niliozungumza nao wanasema wanapumua.

Lakini mtihani wa mdomo haufichi jina wala uso, na kazi ya mwisho ya utafiti bado iko mikononi mwa mwalimu mmoja anayeweza kuichelewesha apendavyo. Halafu kuna hilo sanduku la malalamiko, lililotundikwa kwenye mlango wa ofisi ya mkuu wa idara. Msichana aliyeonewa na mwalimu wa idara hiyo atasimama mbele ya mlango huo, mbele ya macho ya wote, atumbukize karatasi? Nilipouliza, nilijibiwa kwamba sanduku halijapokea malalamiko mengi, jibu ambalo halinifariji. Linahitaji mtu wa nje ya idara, mwanamke ikiwezekana, mwenye mamlaka ya kufungua faili na wajibu wa kujibu kwa maandishi, na namba ya simu ambayo haipiti kwa bosi yeyote wa hapo. Bila hivyo, sehemu hii ya huduma siwezi kuipendekeza.

Upungufu wa pili ni ziara za machimboni, na kwa mwanajiolojia wa Katanga ziara hizo ndizo shule yenyewe. Katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo bado kuna imani kwamba mwanamke akiingia shimoni madini hukimbia, na wachimbaji huwazuia wasichana mlangoni. Si imani ya vijijini peke yake: mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 45, uliozuia wanawake kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi, na mawazo ya wakati ule yameacha alama katika sekta nzima. Katika ziara niliyosimuliwa na wanafunzi wenyewe, wavulana walishuka na nyundo zao, na wasichana wakabaki kando ya lori wakiandika majina ya sampuli zilizoletwa. Ile kadi ya maabara, inayomlazimisha kila mmoja ashike kila kazi, iliachwa mjini. Viatu vya usalama vya kuazima vilianzia namba 41, kwa hiyo hata pale waliporuhusiwa, msichana mwenye mguu mdogo alitembea juu ya miamba akiwa amejaza vitambaa ndani ya viatu. Na kambi haikuwa na choo cha wanawake, jambo lililowafanya baadhi yao wasinywe maji tangu asubuhi katika jua la Oktoba.

Ni lazima idara ikubaliane na wenyeji wa mahali kabla ya safari kwamba wanafunzi wote wataingia, na pasipokubalika wachague mahali pengine, kwa kuwa Haut-Katanga haina upungufu wa miamba iliyo wazi. Msichana akihitimu bila kugonga mwamba kwa nyundo, kampuni itamwajiri ofisini kuandika ripoti za wengine, kisha tutasema wanawake hawapendi kazi ya uwandani. Viatu vya namba 36 hadi 40 vinauzwa. Tatizo ni kwamba aliyeandika orodha ya manunuzi hakuwafikiria.

Ukuta wa maabara umebadilika, na hili nalitaja kwa furaha. Kando ya picha za wanasayansi wa Ulaya sasa kuna Raïssa Malu, mwanafizikia aliyeanzisha Wiki ya Sayansi na Teknolojia nchini kwetu na ambaye mwaka 2024 aliteuliwa kuwa waziri wa elimu, na Sandrine Mubenga, mhandisi wa umeme mzaliwa wa Kinshasa anayefundisha Marekani. Yuko pia Sophie Kanza, ambaye mwaka 1964 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu hapa nchini, ingawa uwanja wake ulikuwa sosholojia. Lakini picha haziwezi kuziba nafasi ya watu walio hai. Ibara ya 14 ya Katiba na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 zinadai usawa wa uwakilishi kati ya wanawake na wanaume, na katika idara hii nilikuta wanawake wakiwa maasistanti, sikumkuta hata mmoja akiwa profesa.

Hao maasistanti wachache ndio wanaobeba huduma nzima. Wao ndio hupanga kura, husikiliza wanaolia, huandika vibandiko vya breli na husimamia zamu ya Jumatano, bila kupunguziwa saa za kufundisha wala kuhesabiwa chochote wanapoomba kupandishwa cheo. Wenzao wa kiume, wakiwa huru jioni, huandika makala na kusonga mbele. Usimamizi wa huduma hii uhesabiwe kama somo katika mzigo wa kazi, na maprofesa wanaume wapangiwe zamu kama wengine; vinginevyo mwanamke mmoja akipata kazi mahali pengine, au akichoka, sehemu kubwa ya niliyoyasifu hapa itakufa.

Kwa mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto, nasema amwandikishe bila kusita, hasa kama alisoma shule isiyo na maabara. Aende katika wiki za kwanza za masomo, kwa sababu vikundi vikishapigiwa kura ni vigumu kuongeza mtu. Wanafunzi wa mwaka wa pili, wanaoitwa yaya, yaani kaka au dada mkubwa, na hawa wapya, hukaa kwenye meza ya mapokezi kila Jumatatu asubuhi na huelekeza vizuri. Mwenye mtoto asiyeona au asiyesikia vizuri amwone asistanti ana kwa ana kabla ya masomo kuanza na kumweleza hasa anachohitaji, kwani kisanduku cha mawe ni kimoja tu na breli huandikwa kwa mkono. Na msichana anayechagua jiolojia aulize mapema, kwa maandishi, ni machimbo gani yatatembelewa mwaka huo na kama wote watashuka.